Damascène na Mtaro wa Tatu

Tangazo rasmi. Watu wote wa kilima cha Burambo, wa juu na wa chini, wa parokia na wa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, waliokimbia na waliorudi, pamoja na ng'ombe wanaojijua, mnajulishwa kwa heshima kubwa kwamba Papa Damascène, mkulima wa maharagwe, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya yenye sauti tatu, mwenye mabote mawili ya mpira, yote ya mguu wa kushoto, ndiye mwanadamu wa kwanza katika historia ya kilima hiki kuifundisha mvua kukaa chini. Sifa nyingine hana. Msimtafutie.

Burambo iko nusu siku ya mguu kutoka Kitshanga, kama matope yamekubali. Shamba la Damascène liko katikati ya kilima. Juu yake ni malisho ya Hilaire, na chini yao wote wawili, penye mawe, ndipo ilipokuwa chemchemi ambayo kila mtu anaiita source. Zamani ilitoa maji mazito kama mkono. Halafu kama kidole. Halafu ikawa inatoa tone moja, inafikiri, inatoa lingine. Watu walisema ni laana, wengine walisema ni adui, na mchungaji mmoja mgeni alisema ni uzinzi, bila kutaja wa nani, tukabaki tunaangaliana. Hakuna aliyesema ni ule msitu wa juu tuliokata tuchome makala ya kupikia na kupata malisho. Kila mtu alikata mti mmoja tu, na kila mtu ana uhakika ule wake haukuwa na kosa.

Basi maji yakawa mtoni, kule bondeni, saa moja na nusu kushuka na Mungu anajua ngapi kupanda.

Hilaire na Damascène walizaliwa mwezi mmoja, wakafukuzwa shule mwaka mmoja, wakaoa msimu mmoja. Hilaire alipompata mtoto wa mwisho, Bénédicte, parrain wake, baba wa ubatizo, alikuwa Damascène, ambaye siku hiyo aliimba vibaya kuliko siku zote na akalia kuliko mama wa mtoto. Bénédicte alikua akimwita Papa Dama. Alimwibia maharagwe mabichi mbele ya macho yake, naye akajifanya anaangalia mawingu.

Bénédicte alikuwa na miaka kumi na sita alipoteleza kwenye njia ya mtoni. Wasichana wetu wanabeba bidon ya litre makumi mbili mgongoni, na kamba inapita kwenye paji la uso. Ukiteleza, bidon inatangulia, kichwa kinafuata. Walimkuta chini ya jiwe, kamba bado iko kichwani. Bidon haikumwaga hata tone. Zile bidon za njano ni imara sana, wanaozitengeneza wapewe medali.

Wale wanaume wawili walimpandisha wenyewe kwa machela ya miti, Hilaire mbele, Damascène nyuma. Walipopumzika kwenye kona ya mwisho, Hilaire alisema, bila kugeuka:

"Dama. Ile maji irudi karibu."

"Itarudi," Damascène akasema.

"Mimi nataka kuinywa nikiwa muzima. Pale pale kwa source. Nikunywe, niseme: mutoto, umeona."

"Utakunywa, kaka. Tutakunywa wote."

Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yao. Hayakuandikwa popote, na Damascène hajawahi kutaka kitu kingine tangu siku hiyo.

Mwaka uliofuata akaja Jérémie, agronome wa shirika fulani, kijana wa Hombo, kwao ambako mvua inanyesha hata bila kuombwa. Aliitisha mkutano mbele ya kanisa. Alikuja na vijiti vitatu vilivyofungwa kama herufi A na jiwe dogo linaning'inia katikati kwa uzi, tukajua mara moja kwamba hili ni shirika lisilo na pesa.

"Wapendwa," Jérémie akasema, "mvua yenu iko nyingi. Lakini inapita juu ya kilima kama watu wanatoka misa: mbio, bila kusalimia. Tutachimba mitaro, inapinda na kilima, iko sawasawa, haiteremuki. Mvua itaingia mule, ikae, iingie mu udongo pole pole. Kisha miaka miwili, mitatu, itatokea chini, kwa source."

Akasimama Epiphanie, mke wa Damascène, mwanamke ambaye chef wa localité, mtawala wetu mwenyewe, humwomba ruhusa ya kukohoa.

"Agronome, tuelewane. Maji iko inakosa chini. Weye unataka tuchimbe juu."

"Ndiyo, mama."

"Kule hakuna maji."

"Ndiyo, mama."

"Na tungoje miaka tatu."

"Miwili ao mitatu, mama."

"Na kwenu uko na bibi?"

"Bado, mama."

"Ninaelewa," Epiphanie akasema, akakaa.

Watu walicheka mpaka mtoto mmoja akaamka mgongoni. Mkutano ungeishia hapo. Lakini Hilaire alisimama, kofia mkononi, na kicheko kikakatika, maana alikuwa hajasema neno hadharani tangu maziko.

"Mitaro inapita wapi?"

Jérémie akaonyesha: wa kwanza na wa pili kwa Damascène, wa tatu juu zaidi, katikati ya malisho ya Hilaire. "Huo wa tatu njo mukubwa. Bila huo, hii ingine ni bure."

"Mupite," Hilaire akasema. "Mupite mu shamba yangu."

Mtu ambaye si wa huku kwetu Masisi hataelewa uzito wa maneno haya matatu au manne. Hapa kwetu mtu anaweza kukupa binti yake, ng'ombe wake na siri ya ndoa yake. Ardhi hakupi hata ya kutemea mate. Na Hilaire zaidi ya wote. Baba yake alikwenda sokoni Kitshanga kuuza ng'ombe, siku mbili, akarudi akakuta nusu ya kilima chake imetengwa kwa mstari wa ile miti ya mipaka, yenye majani marefu kama panga, unakata kipande unachomeka, kinaota hata ukikichomeka kichwa chini. Mti ule ukishapandwa umepandwa. Unapandwa mbele ya mashahidi, na kasiksi, na hautolewi na mtu mmoja. Anayeung'oa peke yake ni mwizi wa ardhi, hata kama ardhi ni yake. Mzee yule alikaa miaka tisa akienda kwa chef, kwa tribunal, kwa padri. Miti ikawa mirefu kuliko yeye. Kisha akafa.

Hilaire alijua hayo, akasema mupite.

Tulichimba kila Alhamisi, salongo, kazi ya wote bila malipo, kila nyumba mita tano. Jérémie anatembeza kile kiherufi chake, jiwe linalala katikati, anachomeka kijiti. Hilaire na Damascène walichimba pamoja sehemu zao na za wajane.

"Dama, weye unachimba mutaro ao unapanga kaburi ya panya?"

"Nachimba ya kukuenea. Umekonda."

"Chimba basi. Sauti ya ine, jembe ya ine, kila kitu yako inakuja nyuma."

Ilikuwa mara ya kwanza Hilaire kutania tangu maziko. Emérita, mke wake, aliyekuwa anabeba udongo kwa beseni, alisimama katikati ya njia na kusikiliza kama mtu anayesikia redio imeanza kushika tena.

Mtaro wa tatu ulimalizika mwanzoni mwa Septemba. Kilichobaki ni kupanda majani kwenye mdomo wake wa juu, yale majani marefu ya ng'ombe, mizizi ishike ule udongo uliotupwa, la sivyo mvua ya kwanza itaurudisha wote ndani. Majani yaliahidiwa na shirika. Camion ilitoka, camion ikazama kwenye matope kabla ya Kitshanga, dereva akapata mke huko ama karibu. Jérémie akashuka kuitafuta. Na Hilaire naye, wiki hiyo hiyo, akateremka sokoni kuuza ng'ombe.

Siku mbili.

Siku ya pili, saa nane mchana, mawingu yalikuja kutoka Walikale, meusi, yamejaa. Damascène alisimama juu ya mtaro wa tatu akaona ule udongo mpya wote, mita mia mbili na zaidi, bado laini, na akaona jinsi utakavyoporomoka. Hakuwaza kingine. Alikimbia na panga mpaka kwenye ua wa kanisa, ambako ile miti yenye majani kama panga imejiotea kama kwaya, akakata, akafunga mzigo, akapanda, akachomeka. Akashuka, akakata, akapanda, akachomeka. Epiphanie, ambaye angemzuia, alikuwa mtoni. Matone ya kwanza yalimkuta kwenye kipande cha mwisho. Vilikuwa mia mbili na kumi na viwili, mstari mmoja mzuri, umepinda na kilima, kutoka upande huu wa malisho ya Hilaire hadi upande ule.

Mvua ilipiga usiku kucha. Hakuna hata kiganja cha udongo kilichoshuka. Asubuhi mtaro ulikuwa umejaa maji, yametulia, mekundu, na Damascène alikuwa amekaa kando yake na yale mabote yake mawili ya kushoto, anafurahi kama mjinga.

Katika Masisi nzima, siku ile, alikuwa mtu pekee aliyetazama ardhi akaona udongo. Wengine wote tuliona mpaka.

Hilaire alitokea kwenye njia saa tatu, fimbo begani, mkate wa Kitshanga ndani ya mfuko kwa ajili ya Emérita. Tulikuwa tayari watu ishirini pale, tumetulia kama tuko kwenye maziko, na hakuna aliyekuwa amemwambia Damascène kwa nini tumekuja. Hilaire alitembea na mstari ule tangu mwanzo mpaka mwisho, polepole. Alikuwa anahesabu.

"Kaka," Damascène akaita, "angalia! Haikuteremuka hata kidogo!"

Hilaire alifika mbele yake.

"Nilienda siku mbili."

"Ndiyo, na mvua ikakuja, na majani haikukuwako, njo nikasema..."

Hapo akaona. Tulimwona akiona. Uso ulimwanguka mzima. Aliinama, akashika kipande cha kwanza akitaka kukivuta.

"Usiguse!" Hilaire alisema. "Uko mbele ya watu makumi mbili. Ukiitoa, kesho mutasema ni miye nilitoa mupaka."

"Si mupaka! Hilaire, hii si mupaka, ni ya kushika udongo! Kwa jina ya mutoto—"

"Usimutaje."

"Hilaire."

"Ulibeba nyuma, miye nilibeba mbele. Sikukuona ulikuwa unaangalia nini." Alisema hivyo kwa sauti ndogo kabisa. "Ulikuwa unaangalia shamba."

Akaenda nyumbani na mkate wake.

Sasa sikilizeni jinsi akili zetu zilivyo kubwa. Damascène alikimbia kwa chef. Chef, mtu wa sheria, akamweleza: ile miti inatolewa kwa sherehe, familia mbili ziwepo, mbuzi awepo, kasiksi iwepo, aliyekosewa anywe wa kwanza. Damascène akatoa mbuzi. Epiphanie akapika kasiksi. Akatumwa mtu kwa Hilaire. Hilaire akajibu: siji. Nikija kutoa mpaka, nitakuwa nimekubali ulikuwako mpaka. Na chef akatikisa kichwa, akasema kweli, sheria iko upande wake, hawezi kuja. Na bila yeye kuja, haitolewi. Na isipotolewa, ni mpaka. Basi mbuzi akaliwa na wale waliokuwapo, kwa huzuni.

Jérémie alirudi na majani ya ng'ombe, yamekauka. Alikaa na Damascène siku nzima, akapanda kwa Hilaire mara tatu, akarudishwa mlangoni mara tatu. Mwishoni aliandika ripoti, maana ripoti lazima iandikwe. Nilibahatika kuiona. Mstari wa saba: "Miche iliyopandwa na jamii kwa hiari yake: 212. Lengo limepitwa."

Nyumba za juu ziliacha salongo. Zilisema haziwezi kumchimbia mtu kilima chake kipya. Alhamisi Damascène akawa anatoa matope peke yake kwenye mtaro wa kwanza na wa pili. Wa tatu hakuthubutu. Kukanyaga pale kungekuwa kuthibitisha.

"Utajaa," alimwambia Epiphanie. "Mwaka moja, utajaa, na yote itakuwa bure."

Haukujaa. Epiphanie ndiye aliyegundua sababu, alipopita na kuni Alhamisi moja jioni. Alirudi akakaa kwenye kiti bila kutua mzigo.

"Yee njo anatoa."

"Nani?"

"Hilaire. Yuko mule ndani mupaka magoti. Anatoa matope na beseni ya Emérita."

Tangu siku hiyo Damascène alibadili saa. Alikwenda kuchimba jioni, Alhamisi, wakati uleule. Hatua arobaini kati yao, na ule mstari wa miti katikati, unanenepa. Jembe la huyu linalia, la yule linajibu. Damascène alisalimu kila wiki: "Kaka, bonsoir." Nimeuliza kama alijibiwa hata mara moja. Epiphanie alinijibu kwamba Hilaire alikuwa na kikohozi, na kwamba mume wake, mjinga yule, alikihesabu kama salamu.

Kikohozi kile kilikuwa kikohozi.

Msimu wa mvua wa tatu, mwezi wa tano, source ikaanza. Kwanza mawe yakalowa. Kisha tone, tone, bila kufikiri katikati. Wiki mbili baadaye kilikuwa kidole, na mwezi wa saba, kiangazi, wakati hata mto unapungua, kilikuwa kidole gumba, baridi, safi, kinaimba sauti moja tu. Wanawake wa chini walishuka na bidon wakicheza. Wanawake wa juu walingoja siku nne kwa heshima ya ugomvi, siku ya tano wakaja pia, maana ugomvi haupikiki.

Hilaire hakuja. Emérita alipita njia ya source kila asubuhi, anasalimu, anaendelea mtoni, na ile kamba kwenye paji la uso. Damascène akawa anajaza bidon moja na kuiweka kando ya njia yake, kwenye jiwe. Jioni anaikuta vilevile, anamwagia kabichi.

"Mama Emérita," Epiphanie alimfuata siku moja, "beba tu. Sema umeitoa mutoni."

"Yee anajua ladha," Emérita akasema. "Alikunywa hapa akiwa mutoto."

Mwezi wa nane kifua cha Hilaire kilifunga. Walimbeba mpaka centre de santé, kwa waganga, wakambeba kumrudisha. Siku ya pili Damascène alijaza bidon, akapanda nayo mwenyewe, mzee wa miaka hamsini na tisa, akafika kwenye lupango ya Hilaire, ule ua wake wa miti, na hakuingia. Alimpa Emérita kupitia mlango wa miti, akabaki amesimama nje. Ukuta wa nyumba ile ni mbao. Kila kitu kinasikika.

Alisikia maji yakimiminwa kwenye kikombe. Alisikia kitanda kikilia. Kisha akasikia midomo ikionja.

"Ni baridi," Hilaire akasema.

"Ndiyo, papa."

"Ni ya source."

Emérita akafunga mfuniko wa bidon. Damascène alishika ule mti wa lango kwa mikono miwili. Anasema alikuwa anaomba, lakini hakumbuki maneno, huenda alikuwa anaimba ile sauti yake ya nne.

Akasikia mate yakitemwa kwenye beseni.

"Murudishie mwenye kilima."

Hilaire alikufa Jumamosi. Damascène hakuitwa, na mtu ambaye hajaitwa kwenye maziko hapa kwetu hakai hata karibu na ua. Alikaa kwake, amevaa suruali ya kanisani, mikono magotini. Saa nne akatumwa dada wa Emérita. Hakuingia ndani.

"Emérita anasema mutoni ni mbali, na watu ni wachache. Anaomba bidon mbili. Za kumuosha."

Alikwenda mwenyewe. Alisuuza bidon mara tatu kwa mchanga, akazijaza, akapanda, moja mgongoni na kamba kichwani kama msichana, nyingine mkononi. Aliziacha kwenye lango, akarudi nyuma hatua arobaini, akasimama mpaka waoshaji waliposema basi, wamemaliza.

Miti ile mia mbili na kumi na miwili iko pale. Watoto wa Hilaire wanasema ni mpaka. Damascène anasema si mpaka. Chef anasema suala liko bureau. Mitaro inafanya kazi, na Alhamisi Damascène anatoa matope kwenye yote mitatu, maana hakuna tena wa kumkataza.

Oktoba wakaja wageni wa shirika, magari matatu, bendera ndogo, kibao cha chuma chenye majina ya wafadhili. Vilima saba vinataka kuchimba kama Burambo. Jérémie alikuwa na shati jipya na hakumtazama Damascène usoni. Walimsimamisha mbele ya source, wakampigia makofi, mama mmoja mwenye miwani akaleta glasi kwenye sahani yenye kitambaa cheupe, akaijaza pale maji yanapotoka, akaiinua ili ipate jua. Mpiga picha akapiga goti kwenye matope.

"Papa Damascène," mama yule alisema, na sauti yake ilikuwa na machozi ya kweli, "weye njo baba wa hii maji. Mbele ya sisi wote, mbele ya kilima yako yote, tunakuomba ukunywe wa kwanza!"

Damascène aliitazama ile glasi.

"Sina na kiu."